Jozi Mbili Pembeni ya Turubai

“Mimi nikikaa mahali, nimekaa,” Kuroiwa aliwaambia watu wa idara ya mauzo, naye wakati huo alikuwa amesimama. “Mtakuja mkute kuvu imeniota mgongoni. Na mtu mwenye nia mbaya simsubiri afungue mdomo. Namjua kwa mwendo.”

Alikuwa hajamaliza hata mwezi kazini, suti bado ina mikunjo ya dukani, na tayari anajisifu kama aliyezaliwa ndani ya kitasa. Kampuni yenyewe ilikuwa ya kufuli na vitasa, hapo Sendai, Japani, na pengine ndiyo maana hakuna aliyemcheka waziwazi. Kwenye biashara ya kufuli, mtu anayeshuku kila kitu huhesabiwa kuwa na kipaji.

Aliyemtazama bila kucheka wala kusifu ni mkuu wa idara, Bi Onodera. Mama huyu alikuwa mfupi, mkavu, na mwezi uliofuata alikuwa anastaafu. Kila alipokwenda alikwenda na mkoba wa ngozi uliojaa funguo na vitasa vya kuonyeshea wateja. Kila mtu ofisini alijua kwamba mkoba ule haukuwa mkoba tu. Atakayeachiwa mkoba ameachiwa wateja wote wa upande wa kaskazini, na atatembea mjini akipewa chai kila nyumba. Atakayekosa atateremka stoo ya chini, kuchambua springi za kufuli mpaka macho yawe mekundu.

“Kesho utatandaza turubai bustanini, utushikie nafasi mpaka tuje jioni kutazama maua,” Bi Onodera alimwambia. “Chini ya ule mcheri wa matawi yanayoning’inia. Haya ni maua yangu ya mwisho na idara hii, nataka niyatazame kutoka pale. Tukikukuta pale, na hukutoka, mkoba nakukabidhi hapohapo.”

“Ni hilo tu, Mkuu?”

“Ni hilo tu. Mteja anatuachia ufunguo wa nyumba yake. Hajali kama una akili. Anataka kujua ulikuwa wapi.”

Kuroiwa aliinama mpaka tai ikagusa meza. Kukaa. Kazi gani hiyo ya kumshinda mtu mwenye makalio?

Baadaye, kwenye mashine ya vinywaji, alifuatwa na Hidaka. Hidaka alikuwa mbele yake kwa mwaka mmoja kazini, na mwaka jana ndiye aliyetumwa kushika nafasi. Ilivyokwisha, idara nzima ilitazama maua ikiwa imekaa kando ya mapipa ya taka. Habari hiyo haikutajwa mbele yake, ila ilitajwa sana nyuma yake.

“Dogo, nikufundishe kitu,” alisema Hidaka. “Viatu.”

“Viatu vimefanya nini, kaka?”

“Asiyekuwapo na lake halipo, si ndivyo? Turubai tupu wasimamizi wa bustani wanalikunja, au wanakuja watu wanakaa. Lakini viatu vikiwa pembeni, nani ataligusa? Viatu vipo, mwenyewe yupo. Basi beba ndara za ofisini kwenye begi. Ukibanwa, acha viatu walinde, wewe nenda na ndara.”

“Mwaka jana ulifanya hivyo?”

“Mwaka jana sikuwa na ndara.”

“Na kwa nini unanisaidia?”

Hidaka alikunywa kahawa yake. “Nina roho nzuri.”

Hapo ndipo Kuroiwa alipojua kuna jambo. Mtu anayetaka mkoba uleule anamfundisha mwenzake namna ya kuinuka? Huo ni mtego, tena haukufunikwa hata na majani. Hata hivyo aliziweka ndara kwenye begi. Alijiambia kwamba anazibeba kama ushahidi.

Alfajiri ilimkuta bustanini, pumzi ikitoka kinywani kama mvuke wa birika la chai. Micheri ilikuwa imechanua yote, mstari hadi mstari, na ule wa matawi yanayoning’inia ulikuwa umemwaga maua mpaka karibu na nyasi. Alitandaza turubai la buluu, akakandamiza pembe kwa chupa za maji, akabandika karatasi yenye jina la idara, akavua viatu na kuvipanga pembeni, vidole vikitazama nje. Kisha akakaa juu ya mto wake, akakunja mikono kama mlango uliofungwa.

Lakini hakuwa wa kwanza. Upande wa kushoto, mkeka ukiwa umegusana kabisa na turubai lake, alikuwako bibi mmoja amejifunika shali, na pembeni ya mkeka vimepangwa viatu vidogo vya zambarau, vile vya kubandika bila kamba. Alikuwa anatafuna figili ya kuchachusha. Kila alipotafuna, kru, kru, alimtazama Kuroiwa.

“Umewahi,” alisema bibi.

“Nimewahi.”

“Uko peke yako?”

Kuroiwa akaona hilo si swali la salamu. “Wenzangu wako njiani,” alisema.

“Wanafika saa ngapi?”

“Wakati wowote.”

“Mimi naitwa Mizusawa. Nawashikia wanangu na wajukuu, watakuja wakitoka kazini. Turubai lako kubwa kweli. Kwa mtu mmoja linatisha.” Akacheka, kisha akafungua themosi. “Chai?”

Hebu fikiria: mtu hujamjua, hajui jina lako, ameshajua uko peke yako, amepima turubai lako kwa macho, na sasa anataka kukunywesha chai. Kwa nini chai? Kwa sababu chai huingia, na kilichoingia lazima kitoke. Kuroiwa alizibaini hesabu zake mara moja.

“Asante bibi, sinywi chai.”

“Mjapani gani hanywi chai?”

“Daktari kanikataza.”

“Masikini. Na huendi chooni? Foleni yake baadaye itafika barabarani. Ungekwenda sasa hivi, mimi nipo.”

Umeona? Kuroiwa aliona. Karibu angewahurumia waliomtuma, kazi yao ilivyokuwa nyepesi kuisoma. Maana sasa alikuwa ameanza kujiuliza ametumwa na nani, na katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa na sababu. Alitafuta usoni mwa bibi kama kuna sura ya Hidaka. Pua ilikuwa na dalili.

Jua likapanda, watu wakaja. Familia, wanafunzi, wafanyakazi wapya wa kampuni nyingine wamekaa kila mmoja juu ya turubai lake kama visiwa. Upepo ulipopita, maua yalidondoka juu ya kila mtu bila kubagua. Kuroiwa aliyapukuta mabegani na kuendelea na ulinzi. Akanywa kahawa ya kopo aliyokuja nayo, kwa sababu hiyo aliiamini. Akanywa ya pili. Baridi ilikuwa kali na kopo lilikuwa la moto, sasa ungetaka afanyeje?

Kahawa ina tabia ya chai. Mchana ulipofika, Kuroiwa alikuwa amekaa kwa namna tatu tofauti na zote zilimwumiza. Alitazama foleni ya choo. Alimtazama bibi. Bibi alikuwa amesinzia, kidevu ndani ya shali, au amejifanya. Alisubiri mpaka akamsikia akikoroma. Kisha akatoa ndara kwenye begi taratibu, kama mtu anayechomoa kitasa cha mlango wa watu, akavitazama viatu vyake vilivyopangwa vizuri pembeni, akavinong’oneza: “Lindeni.”

Akaondoka akinyata.

Foleni ilikuwa ndefu lakini ilikwenda, na alitoka chooni mtu mwingine kabisa, mwepesi, mwenye mapenzi na ulimwengu. Angerudi moja kwa moja. Nia ilikuwa hiyo. Lakini njia ya kurudi ilipita kwenye vibanda, na kwenye vibanda kulikuwa na ngisi anachomwa kwa sosi ya soya, na Kuroiwa tangu alfajiri alikuwa ameonja tonge moja tu la wali. Akanunua. Na mbele ya vibanda watu walikuwa wameunda duara, wanacheka, na mtu mwenye ngisi mkononi hana haraka.

Katikati ya duara kulikuwa na bwana mmoja na tumbili aliyevalishwa koti jekundu. “Kaa,” alisema yule bwana, na tumbili akapanda kigoda akakaa. Bwana akamwonyesha karanga. Tumbili hakuinuka. Akamwita kwa jina. Hakuinuka. Akajifanya anaondoka na mizigo yake yote, akafika mpaka nje ya duara, watu wakacheka mpaka machozi, na tumbili palepale kwenye kigoda, mikono magotini, anatazama mbele.

Kuroiwa alipiga makofi kuliko mtu yeyote.

Aliporudi, vivuli vilikuwa vimeshahama. Alifika kwenye mcheri, akamshukuru Mungu wa maua: turubai lipo, karatasi ipo, viatu vyake vipo, tena petali zimedondokea ndani mpaka vimekuwa kama vikapu. Akavua ndara haraka akazitia kwenye begi. Ndipo alipoona.

Pembeni ya viatu vyake kulikuwa na jozi ya pili. Vidogo, vya zambarau, vya kubandika.

Akagusa mto wake. Ulikuwa na joto. Chupa moja ya maji ilikuwa imesogezwa, na juu ya turubai palikuwa na ganda la chungwa, limemenywa kwa mviringo mmoja bila kukatika. Mtu alikuwa amekaa hapa, tena kwa raha.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, macho wazi, anatafuna. “Umerudi, mjukuu wangu,” alisema kwa furaha.

Mjukuu? Tangu lini? Kuroiwa aliona jambo moja tu: mtu anayejua alitoka. Na jioni hii, katika bustani nzima, hilo ndilo jambo lisilopaswa kujulikana.

“Sikwenda popote, bibi,” alisema.

Bibi aliacha kutafuna. “Hukwenda?”

“Nilikuwa hapahapa. Labda ulilala.”

“Labda,” alisema bibi, akamtazama kwa muda. “Uzee huu. Mimi nilitaka hata kukusimulia kitu. Basi, kama ulikuwa hapa, ulikiona mwenyewe.” Akarudi kwenye figili yake, mabega yakitikisika kidogo.

Kuroiwa akakaa akapiga hesabu. Hivi ndivyo walivyomla Hidaka mwaka jana, kwa alivyosikia: kwanza jozi moja ya viatu vigeni, ukiuliza unaambiwa samahani, halafu jozi tatu, halafu mtu na mto wake, halafu spika ya muziki, na wewe uko kwenye mapipa. Hakuna anayevamia turubai kwa kishindo. Wanavamia kwa viatu. Na kama bibi ametumwa na Hidaka, basi viatu hivi ni zaidi ya uvamizi. Ni alama. Hidaka atakuja, ataviona, atauliza mbele ya Mkuu: hivi vya nani, dogo, na wewe ulikuwa wapi vikiwekwa?

Msimamizi wa bustani akapita, mzee mwenye kitambaa cha njano mkononi. Alitazama viatu, akamtazama Kuroiwa, akatabasamu, kisha akamwinamia bibi. Bibi naye akamwinamia. Kumbe na huyu yumo.

Kuroiwa akasubiri bibi ageuke kukunja shali. Akavinyakua vile viatu vya zambarau, akaviweka kwenye nyasi, akavifunika kwa boksi la bia alilokuja nalo, juu chini, tayari kuwa meza ya Mkuu. Akatandika kitambaa juu. Meza ikapendeza.

Haikupita muda bibi akainuka kwa soksi zake, akasogea mpaka ukingo wa turubai. Akatazama pembeni. Akatazama tena, akainama, akachungulia nyuma ya shina. Kuroiwa alikuwa anayasoma matawi ya juu kwa makini sana.

“Kunguru wa mwaka huu wakubwa,” alisema bibi, kama anaongea na mti.

“Wabaya sana, bibi.”

“Wanabeba hadi viatu.”

“Nimesikia hivyo.”

“Na wanachagua vya wanawake.”

“Vinang’aa,” alisema Kuroiwa.

Bibi alirudi mkekani, akakaa, akabana magoti. Mara kwa mara alitazama upande wa choo, kisha njia iliyojaa mawe na tope la watu, kisha soksi zake nyeupe. Kuna kitu kikamgusa Kuroiwa kidogo, upande wa chini wa moyo. Akakipukuta kama alivyopukuta petali. Aliyeanza vita ni nani?

Watu wa idara walifika jua likiwa bado kwenye vilele vya miti. Walikuja na vyakula, chupa za pombe ya mchele na kelele zao, wakavua viatu, wakavipanga. Bi Onodera alikuja wa mwisho. Alisimama chini ya mcheri, matawi yakimgusa nywele, na mkoba wa ngozi ukiwa umening’inia begani. Alikaa kama mtu anayeketi nyumbani kwake. Wakamwekea kikombe juu ya lile boksi.

“Pazuri,” alisema. “Nilidhani sitayaona tena maua kutoka hapa.”

Wakanywa. Wakamcheka mmoja wao aliyeimba. Kuroiwa hakumeza kitu. Alikuwa anautazama mkoba, na Hidaka alikuwa anamtazama yeye.

“Dogo amelinda,” alisema Hidaka. “Ila usoni kuna sosi ya soya.”

Mkono wa Kuroiwa ulikwenda mdomoni kabla hajauzuia. “Nilikuja na chakula.”

“Chakula chenye harufu ya ngisi wa kuchoma. Ulichomea hapa?”

“Muache,” alisema Bi Onodera. Aliutoa mkoba begani, akauweka magotini, vitasa vikalia ndani. “Kuroiwa, nakuuliza mara moja. Ulitoka hapa?”

Angeweza kusema alikwenda chooni. Mkuu naye ni binadamu, ana kibofu. Lakini Kuroiwa alishasema kuvu itamwota mgongoni, alishamwambia bibi kwamba hakwenda popote, na uwongo ni kama turubai, ukishatandaza pembe moja huna budi kuvuta na nyingine.

“Sikubandua makalio, Mkuu. Na sisemi hivi hivi tu, nina ushahidi.” Akaenda pembeni, akarudi na viatu vyake ameviinua juu kwa mikono miwili. “Tazameni. Petali zimejaa mpaka shingoni. Tangu alfajiri mti unadondosha, navyo havijaingia mguu. Mtu angetoka na nini, na soksi?”

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akapiga makofi. Hata Hidaka alikuna kichwa, maana alijua habari ya ndara lakini angeitajaje bila kujitaja? Bi Onodera alivitazama viatu vile, akatoa petali moja kwa kidole, akaigeuza.

“Umefikiria vizuri,” alisema, na akaanza kuukunja mkanda wa mkoba, kama mtu anayeandaa kitu cha kumpa mwenzake.

“Samahanini,” ilisema sauti.

Bibi Mizusawa alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mkeka wake, soksi nyeupe, mikono imeshikana mbele. Alimwinamia Bi Onodera.

“Sipendi kuingilia sherehe ya watu. Ila huyu kijana amesema kweli. Viatu vyake havikwenda popote, hilo nashuhudia. Nilikaa navyo mimi. Yule mzee wa kitambaa cha njano alisema viatu bila mtu ni takataka, akaanza kulikunja turubai. Nikaruka kuja huku, nikavua vyangu nikaviweka kando ya hivyo, nikakalia mto, nikasema mwenye turubai ni mjukuu wangu yuko chooni. Nikakaa mpaka nikala chungwa zima. Nilipoona amekaribia na ndara zake nikarudi kwangu, viatu nikaviacha mzee asije akarudi na maneno.” Akatazama upande wa choo. “Sasa na mimi nataka kwenda huko alikokwenda mjukuu wangu, tena tangu mchana. Ila kunguru wamechukua viatu vyangu.”

Petali zikadondoka ndani ya vikombe.

“Kunguru,” alisema Bi Onodera.

“Ndivyo alivyoniambia.”

Bi Onodera hakumtazama bibi tena. Alimtazama Kuroiwa, si usoni, machoni. Mama huyu alikuwa ametumia miaka yake yote kuwauliza watu wamepoteza ufunguo wapi, na alijua kwamba jibu hutoka machoni kabla ya mdomoni. Na macho ya Kuroiwa, ambayo hakuna aliyeyatuma, yalikuwa yameshuka yenyewe mpaka kwenye boksi la bia.

Bi Onodera aliurudisha mkoba begani. Akachukua kikombe chake, akakiweka juu ya nyasi bila kumwaga hata tone, akakunja kitambaa mara mbili, akaliinua boksi.